Milembe wa Sebuleni

Sebule ya Mektilda ilianza kunuka maziwa siku ileile faiba ya intaneti ilipoingia. Yangekuwa ya ng'ombe angetafuta yalikomwagika na kupiga deki. Haya yalikuwa maziwa ya mzazi, yale yanayolowesha kanga ya mwanamke aliyetoka kujifungua na kuchacha kabla hajapata wasaa wa kuifua. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyejifungua tangu Kija azaliwe, na Kija sasa alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele hana. Mektilda alivua foronya za makochi, akazifua, akazianika juani, jioni akazirudisha. Asubuhi harufu ilikuwa palepale, hasa kwenye kochi la watu wawili lililotazamana na TV.

"Ni plastiki ya vifaa vipya," mumewe Luhende alimwambia. "Itaisha yenyewe."

Mektilda alikubali. Alikuwa na mazoea ya kumkubalia Luhende kila kitu, na mazoea hayo ndiyo yaliyomponza.

Nyumba yenyewe ilikuwa jasho lake. Ilikuwa Malambo, hapo hapo Bariadi mjini, bati jekundu, na uani vyumba viwili vya wapangaji. Tofali zilitokana na mchele aliokuwa akiuuza sokoni, na bati lilitokana na shamba la pamba aliloachiwa na baba yake kule Nkoma, shamba ambalo kaka zake walimnunia mwaka mzima alipoliuza. Luhende, karani wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, alichangia milango na maneno matamu. Mektilda hakujali. Aliamini amepata mwanaume mpole wa Nassa, kando ya ziwa, ambaye hajawahi kuoa wala kuzaa na mtu, na aliwaringia mashoga zake kwa jambo hilo mpaka wakachoka kumsikiliza.

Kabla ya faiba walikuwa na dishi juu ya bati, na dishi lile lilikuwa na hila. Wingu likitanda kidogo tu upande wa Itilima, picha inaganda, tena pale pale penye goli au penye mapenzi. Kwa hiyo nguzo za faiba zilipofika mtaani, Luhende ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu. Fundi alikuwa kijana mchangamfu anayeitwa Method. Alishusha dishi, akavuta waya kutoka kwenye nguzo, akatoboa tundu kando ya dirisha, akakiweka kile kiboksi cha ruta juu ya meza ya TV. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila nyumba, "Waifai yenu tuiite nani?"

Mektilda alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliporudi sebuleni akapangusa mikono na kuchukua simu yake, jina lilikuwa tayari limeshaandikwa: Milembe.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Fundi kaweka tu," Luhende alisema bila kugeuka. "Labda shangazi yake."

Mektilda alicheka. Jina zuri, la Kisukuma, lenye amani ndani yake. Alijiunga, na simu yake ikakubali mara moja.

Sasa, kwa Wasukuma jina halitolewi hovyo. Mtoto mchanga akilia usiku na mchana akakataa ziwa, wazee hukaa wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Maana yake yule marehemu amerudi, anataka kukaa na watu. Lakini halitamkwi likaachwa linaning'inia. Pombe ya mtama humwagwa chini, mkubwa wa ukoo humtambulisha mwenye jina kwa wale waliotangulia, anamwambia marehemu huyu ndiye mwili wako na hapa ndipo kwako, usivuke hapa. Mektilda alikuwa ameyaona hayo Nkoma tangu akiwa mdogo. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba yanahusu kiboksi chenye taa za kijani.

Na jina la watu hutajwa mara chache kwa siku. Hili lilitajwa tangu alfajiri mpaka watu wanalala. Kija akitoka shule, kabla hajavua viatu, "Mama, Milembe yupo?" Anyes, nesi wa kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha uani, akitoka zamu alisikika akiongea na simu, "Subiri nimpate Milembe, nikupigie kwa video." Wapita njia waliojua nywila walisimama kwenye uzio wakamwita Milembe. Majirani waliulizana kama Milembe ameamka. Jina lisilo na mwili, halikutambulishwa kwa mtu, halikuwekewa mpaka, na linaitwa na kila mwenye mdomo.

Mwanzoni Mektilda aliona baraka tupu. Luhende aliacha baa. Akitoka jineri alinyoosha moja kwa moja nyumbani, anaoga, anavaa shati safi, anakaa kwenye kochi la watu wawili. Mke gani atalalamika? Alimsifia Method, akaisifia teknolojia. Alianza kupunguza sifa siku aliyoingia na sahani ya dagaa magharibi ikiwa inaingia, akamkuta mumewe anacheka kwa sauti ya chini, ile ya kitandani, huku TV imezimwa. Alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kochi, amebanana na egemeo lake. Nafasi yote iliyobaki alikuwa amemwachia mtu.

"Unacheka nini, Baba Kija?"

"Nimekumbuka kitu tu."

Mektilda aliweka sahani. Alipoinama, harufu ya maziwa ilimpiga usoni, mbichi na ya moto.

Siku mbili tatu baadaye Kija alimfuata jikoni, akamvuta kanga. "Mama, nisiwe naita kwa nguvu tena. Kasema yuko karibu, anasikia."

"Nani kasema?"

"Milembe. Yule anayekaa na baba." Mtoto aliinua mikono akaonyesha kifuani. "Nguo yake imelowa hapa na hapa."

Mektilda alimwambia aache uongo, akamtuma akachukue kuni. Kwenye mboga, chumvi akaitia mara mbili.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilikuwa mchana, soko limevunjika mapema, Mektilda akarudi amelowa, akapitia mlango wa nyuma ili asichafue sebule kwa matope. Gari linalowachukua wafanyakazi wa jineri halikupita siku ile, kwa hiyo alijua mumewe yuko ndani. Alivua kandambili. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, lakini katikati ya kelele ile alisikia sauti ya Luhende ikiita, "Milembe," polepole, kwa utamu ambao yeye katika ndoa yote hakuwahi kuusikia ukiambatana na jina lake, na kabla hajafikiri kwamba labda anaongea na simu, labda anasoma, labda ni mchezo kwenye TV, sauti ya mwanamke ikaitika kutoka chumba kilekile, "Abee," karibu kiasi kwamba alisikia mate yakigusana na ulimi, na akasogea kwenye korido akijibana ukutani, mkono mdomoni, mpaka akafika pazia, akachungulia kwa upenyo, akamwona Luhende amekaa mbele ya TV iliyozimwa, mkono wake umetandazwa juu ya mgongo wa kochi kama anamkumbatia mtu, na mto wa kochi pembeni yake umebonyea katikati, umebonyea kwa uzito wa kiuno cha mtu mzima, na kwenye kioo cheusi cha TV, pale panapoonyesha kivuli cha sebule nzima, waliokaa walikuwa wawili.

Yule wa pili aligeuza uso taratibu, akaangalia kwenye pazia.

Mektilda alitoka mbio peku mpaka chumbani kwa Anyes.  Hakusema habari ya kioo. Alisema tu, "Mpigie yule fundi."

Anyes alimtazama, akapiga, akaweka sauti kubwa. Method alikuwa kwenye ngazi mahali fulani, upepo unavuma.

"Lile jina la waifai yetu," Mektilda alimwuliza, "ulilitoa wapi?"

"Mimi, mama? Alilitoa mzee. Nilimwambia wengi huweka jina la familia, akanitajia hilo. Tena nilikosea herufi, akanisahihisha. Nikamwuliza, ndiyo mama mwenye nyumba huyo? Akaniambia ndiyo."

Anyes alikata simu. Alimshika mkono mwenzake akanong'ona, "Dada, huyo Milembe ni nani?"

"Sijui," Mektilda alisema, na kutojua kule kulimuuma kuliko hofu.

Alimwuliza Luhende jioni ileile, uani, kwa sababu sebuleni hakutaka kuingia. Luhende hakubisha sana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazungumza huku anaangalia miguu yake. Milembe alikuwa mke wake, Nassa. Waliishi miaka miwili. Alifariki akijifungua na mtoto akamfuata siku iliyofuata, na maziwa yalikuwa yameshaanza kutoka. Ndugu zake wote waliambiwa wasimtaje mbele ya Mektilda, nao wakatii.

"Ulisema hujawahi kuoa," Mektilda alisema. "Mbele ya padri ulisema."

"Ningesema ungenikataa."

"Nisingekukataa! Ningemlilia na wewe. Ningempeleka Kija akaone kaburi." Akamsogelea. "Mama yako kala kwangu Krismasi tano, Luhende. Ananiangalia usoni, anakula, ananiita mkwe wangu wa kwanza."

"Nilitaka tu jina lake lisikike," alisema. "Hakuna mtu aliyekuwa anamtaja tena. Nikaona humu watakuwa wanamwita. Basi."

"Na huyo anayeitika?"

 Luhende alitabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyefichuliwa jambo zuri. Mektilda alijuta kuuliza.

Kesho yake aliung'oa waya wa ruta ukutani, taa zikazimika, akakifungia kile kiboksi kwenye sanduku la nguo. Alishusha pumzi. Dakika chache baadaye Anyes alikuja na simu yake ameishika kwa ncha za vidole. Milembe alikuwa bado yupo hewani, mistari yote ya mtandao imejaa.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kumkataa. Kanga zake alizikuta zimelowa kifuani, zimekunjwa vizuri kabatini, kwa namna ambayo yeye hakunji. Sufuria zilihamishwa. Upande wake wa kitanda aliukuta na joto hata asubuhi aliyotoka kulala sokoni kusubiri mzigo. Kija alianza kukataa kusukwa nywele na mama yake. "Wewe unavuta," alisema. "Yeye havuti." Na kweli, kichwa cha mtoto kilikuwa kimesukwa mistari midogo iliyonyooka, na hakuna mtu mtaani aliyekiri kukisuka.

Lililomvunja kabisa lilitokea jua likizama, anarudi sokoni na debe kichwani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akabisha hodi. Ndani zikasikika kandambili zikiburuzwa bila haraka, zikaja zikasimama nyuma ya mbao.

"Nani?" sauti ya kike iliuliza.

"Mimi," Mektilda alisema. "Mwenye nyumba."

 Sauti ile ikasema, kwa upole kabisa, kama mama mwenye adabu anayemjibu mgeni aliyepotea, ikimwita mama kwa Kisukuma, "Mwenye nyumba yuko ndani, mayu. Labda umekosea mlango." Na kandambili zikarudi zilikotoka.

Debe lilianguka, mchele ukamwagika barazani. Hakuuzoa.

Mganga aliyeitwa na Mektilda kwa simu alitoka Lagangabilili kwa bodaboda, mchana kweupe. Watu walimwita Mama Marcelo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye haraka, aliyeacha choroko zake shambani na kulisema hilo mara tatu kabla ya kushuka kwenye pikipiki. Hakuingia ndani. Alisimama barazani, akavuta hewa puani, akatema.

"Mwadila, mayu," Mektilda alimsalimu kwa unyonge.

"Mwadila. Nani aliyelitamka hilo jina kwanza, ndani ya nyumba hii?"

Mektilda alimwonyesha mumewe. Luhende alikuwa amesimama mlangoni, shati safi, nywele amechana. Alikuwa amekonda, lakini alipendeza.

Mama Marcelo alisikiliza habari yote amefumba macho. Alipofumbua alimgeukia Luhende, akazungumza naye kwa sauti ya chini, bila ukali.

"Baba, nisikilize. Marehemu wako yuko Nassa na mwanae, amelala. Wafu wetu hawana njaa ya namna hii, na wakija wanaomba, hawafungii watu mlango. Wewe uliita jina, hukulitambulisha kwa mtu, hukumwaga hata tone la pombe. Ukaliweka hewani, mtaa mzima ukaliita. Hili ni jini. Lilikuwa linapita zake, likasikia jina halina mwenyewe, likalivaa. Harufu, sauti, kila kitu limeokota kutoka kwako mwenyewe, kwenye kumbukumbu zako. Unanielewa?"

Luhende aliitikia kwa kichwa.

"Naweza kulitoa. Ila mdomo uliolikaribisha ndio utakaolifukuza, mimi wala mkeo hatuna nguvu hiyo. Utasimama kizingitini, nitakunyunyizia, utasema maneno haya tu: 'Toka, hapa si kwako.' Litatoka na halitarudi. Lakini kizingiti hakisikii neno lile mara mbili, baba. Utakayemwambia ndiye atakayetoka."

Alikoroga unga wa mtama kwenye maji ndani ya kibuyu, akaimba kidogo kwa Kisukuma, akanyunyiza mlango, dirisha na lile tundu alilotoboa Method kupitishia waya. Ndani ya nyumba kukaanza kusikika kilio. Kilikuwa kilio cha mwanamke anayejizuia, analia ndani ya kanga ili watu wasisikie, na ingawa Mektilda alijua ni hila, alijua kabisa, moyo ulimsokota, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akilia jikoni siku zote hizi na hakuna aliyekuja kumwuliza ana nini. Harufu ya maziwa ilitoka mlangoni nzito, Anyes akaziba pua. Pazia la sebuleni likavimba, likachukua umbo la bega na kichwa kilichoinama.

"Sema sasa!" Mama Marcelo alinong'ona.

Luhende alisimama kizingitini. Matone meupe ya unga yalikuwa yanamchuruzika usoni. Aliangalia ndani, akaangalia nje.

"Baba Kija," Mektilda alisema. "Sema tu, tumalize. Nimekusamehe yote. Nimemsamehe na mama yako. Sema."

"Huyo siye Milembe," mganga alirudia. "Unajua siye."

"Najua," Luhende alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Najua siye. Lakini nikimwita anaitika."

Akamgeukia Mektilda, mke wake wa ndoa, aliyeijenga nyumba ile, akamtazama usoni vizuri, na hakuna mtu wala pepo aliyemshika ulimi wakati anasema.

"Toka," alimwambia. "Hapa si kwako."

Mama Marcelo alipiga yowe, akakitupa kibuyu chini. Kilio ndani kilikatika. Mektilda alinyoosha mkono ashike fremu ya mlango, mlango wa nyumba yake, ukamkataa. Kiganja kilirudi kimeungua, na magoti yalimpeleka nyuma, hatua kwa hatua, bila hiari yake, mpaka akajikuta ameshuka baraza, amepita ua, amesimama nje ya uzio. Alijaribu kurudi, miguu haikutaka. Hakupiga kelele. Aliwaza bati, tofali, shamba la baba yake, na akawaza jinsi Luhende alivyomtazama sawasawa kabla ya kusema, akaona afadhali angesema akiwa amefumba macho.

Luhende aliingia ndani. Mlango ulifungwa nyuma yake, na wote waliokuwa pale waliona mikono yake miwili ikining'inia ubavuni wakati ukifungwa.

"Chukua mtoto uende," Mama Marcelo alimhimiza, anahema, tayari anapanda pikipiki. "Usilale mji huu. Mtoto asiitike akiitwa, umenisikia? Asiitike."

Anyes alimleta Kija kutoka uani, amemshika mkono, begi la shule mgongoni. Mektilda alimpokea akamkumbatia kwa nguvu. Angalau huyu. Nyumba wachukue, bati wachukue, mwanaume wachukue, lakini huyu ni wake, amemzaa yeye, na Nkoma kaka zake watanuna lakini watafungua mlango.

Ndipo dirisha la sebuleni likafunguka kidogo, na mtu akaita. Safari hii haikuwa sauti ya mwanamke wa Nassa. Ilikuwa sauti ya Mektilda mwenyewe, na mkwaruzo wake uleule wa kunadi mchele sokoni.

"Kija! Njoo ule, mwanangu."

Mtoto aliinua uso, akamtazama mama yake, akatazama mdomo wake uliofumbwa. Halafu akageukia nyumba na kuanza kujinasua mikononi mwake, anafungua kinywa aitike. Mektilda alimziba kwa kiganja chake kilichoungua, akamnyanyua pamoja na begi, akakimbia kuelekea barabarani, huku mtoto anampiga mateke, na sauti yake mwenyewe ikimfuata nyuma, inamwita mwanae kwa upole kuliko yeye alivyowahi kumwita.